Chuo cha Mtwara au cha Dar? Hesabu ya familia isiyotegemea mkopo

Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, na kuanzia hapo mzazi ana wiki chache tu za kuamua jambo litakalomla fedha kwa miaka mitatu. Naandika kwa ajili ya familia ya katikati, ambayo Mtwara na Lindi zimejaa familia za aina hiyo: baba mwalimu wa sekondari Masasi au muuguzi Nachingwea, mama ana duka, kijijini kuna shamba la mikorosho. Hawalali njaa, wala hawana akiba ya kumlipia mtoto chuo bila kuumia.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, hupima uhitaji. Yatima, mwenye ulemavu au mwenye mzazi mlemavu, na mtoto wa kaya iliyoko kwenye mpango wa TASAF hutangulia. Mtoto aliyesomeshwa sekondari binafsi ya ada kubwa hurudi nyuma. Mtoto wa mwalimu na mwenye duka anaangukia hapo kati. Anaweza kukosa kabisa au kupewa asilimia ndogo isiyomfikisha Desemba. Ushauri wangu ni kuomba hata hivyo. Ada ya maombi imekuwa shilingi 30,000, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA mapema, na ukikosa kuna dirisha la rufaa. Lakini hesabu ya kuchagua chuo ifanyike kana kwamba mkopo haupo. Ukija, utapunguza mzigo. Usipokuja, mtoto hatarudishwa nyumbani mwaka wa pili, na hilo ndilo ninaloliogopa kuliko mengine yote, kwa sababu miaka miwili ya ada iliyokatizwa haina cheti.

Ada ndiyo sehemu ndogo

Wazazi wengi hulinganisha vyuo kwa kuangalia ada iliyoandikwa kwenye barua ya udahili. Chuo kikuu cha umma kina ada ndogo, chuo binafsi kina ada kubwa, basi wanafunga mjadala. Hapo ndipo familia za Kusini zinapopoteza fedha.

Programu nyingi za shahada katika vyuo vikuu vya umma zina ada ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 1.5 kwa mwaka. Sasa tazama kipimo cha Serikali yenyewe. Mwanafunzi mwenye mkopo hupewa fedha ya chakula na malazi, ile wanayoiita bumu, na kiwango chake kilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Mwaka wa chuo una siku za masomo na mitihani zinazokaribia 240. Zidisha: milioni 2 na laki 4. Maana yake ni kwamba hata kwa makadirio ya Serikali, kuishi kunakula karibu mara mbili ya ada. Na mwanafunzi yeyote wa Dar es Salaam anayepanga chumba Mabibo au Sinza atakwambia kwamba elfu 10 kwa siku ni ya kubana matumizi.

Kwa hiyo swali la kwanza si ada ni shilingi ngapi. Ni mtoto atalala wapi na atakula kwa nani. Nimepanga mifano mitatu. Ada ya chuo cha Mtwara nimeiweka juu makusudi ili nisiupendelee upande huo. Gharama za kuishi Mtwara ni makadirio yangu, zibadilishe kulingana na hali ya nyumba yako.

| | Chuo cha umma Dar, anapanga | Chuo Mtwara, anatoka nyumbani | Chuo Mtwara, anatoka Masasi na kupanga |
|---|---|---|---|
| Ada kwa mwaka | 1,300,000 | 1,600,000 | 1,600,000 |
| Kuishi kwa siku | 10,000 | 4,000 | 7,000 |
| Kuishi siku 240 | 2,400,000 | 960,000 | 1,680,000 |
| Jumla ya mwaka | 3,700,000 | 2,560,000 | 3,280,000 |
| Miaka mitatu | 11,100,000 | 7,680,000 | 9,840,000 |

Kwa anayeishi Shangani, Chikongola au Mikindani, chuo chenye ada kubwa kilichopo Mtwara kinamwokolea zaidi ya milioni 3 na laki 4 hadi anahitimu. Kwa wa Masasi, nafuu inashuka hadi milioni 1 na laki 2 na ushee. Kwake yeye Mtwara mjini nako ni ugenini: ni kama kilomita 200 kutoka kwao, atalipa kodi ya chumba na atanunua sahani yake ya wali. Kwa mtoto huyo, kozi bora zaidi Dar au Dodoma inaweza kustahili hiyo tofauti. Kwa yule wa Shangani, sharti hiyo kozi ya mbali iwe bora kweli kweli.

Nauli sikuiweka kwenye jedwali. Mtwara hadi Dar ni kilomita zinazokaribia 560, kwenda na kurudi, likizo mbili kwa mwaka. Na barabara ni moja. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata pale Somanga, wasafiri walikwama. Michango mingine hufanana popote uendapo: bima ya afya ya mwanafunzi, ambayo imekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, ada ya ubora ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, shilingi 20,000 kwa wa vyuo vikuu, mchango wa serikali ya wanafunzi, kisha mafunzo kwa vitendo na utafiti wa mwaka wa mwisho. Mafunzo kwa vitendo yanahitaji fedha ya kuishi mahali pengine kwa wiki kadhaa. Wanaoyasahau ni wengi.

Stella Maris na TIA

Mtwara mjini, aliyemaliza kidato cha sita akitafuta shahada hukutana na majina mawili makubwa. Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris, STEMMUCO, ni cha Kanisa Katoliki na ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT. Kampasi ya Mtwara ya Chuo cha Uhasibu Tanzania, TIA, ni ya Serikali, chini ya Wizara ya Fedha. Cha kwanza kinasimamiwa na TCU, cha pili na NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, na yote mawili ni macho halali ya Serikali. Msikilize kwa tahadhari anayekwambia kwamba shahada ya TIA ni pungufu kwa kuwa hakiitwi chuo kikuu. Anayeajiri mhasibu anatazama usajili wa Bodi ya Wahasibu, NBAA, na mitihani yake ya CPA hailegezi kamba kwa jina la chuo ulikotoka.

Stella Maris imejulikana zaidi kwa ualimu wa masomo ya sanaa. Hapa nitasema nilivyoona, hata kama wengine watanuna. Walimu wa Kiswahili, Historia na Jiografia ni wengi mtaani kuliko nafasi zinazotangazwa. Siku hizi waombaji wa ualimu serikalini nao hufanyiwa usaili na Sekretarieti ya Ajira, kwa hiyo shahada peke yake haimfikishi mtu darasani. Kama mtoto anataka ualimu kwa moyo wake, na ana hisabati au sayansi, atafute ualimu wa masomo hayo hata kama ni mbali zaidi. Kama ni mtoto wa sanaa na ameamua ualimu, basi kusoma akiwa nyumbani Mtwara ni busara kuliko kulipa milioni 11 kwa ualimu huohuo Dar. Kwenye usaili atapimwa sawa na wenzake.

Kwa TIA, kosa rahisi ni kudhani kila kampasi inatoa kozi zote. TIA ina kampasi Dar es Salaam, Mbeya, Singida, Mwanza na Kigoma pamoja na Mtwara, na kozi hazigawanywi sawasawa. Tazama kozi unayoitaka kwenye orodha ya kampasi ya Mtwara, ya mwaka huu. Uhasibu na ununuzi na ugavi ni kozi zenye bodi za kitaaluma nyuma yake, NBAA na ile ya ununuzi na ugavi, PSPTB, na mimi naona hizo zina mgongo kuliko kozi pana ya utawala wa biashara ambayo kila chuo nchini kinayo.

Sheria ina mtego wake. Chuo cha karibu na nyumbani kinaweza kukupunguzia gharama za shahada ya sheria, LLB, lakini anayetaka kuwa wakili lazima apitie Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School of Tanzania), na hiyo iko Dar es Salaam. Ongeza gharama yake kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.

Kidato cha tano au stashahada?

Kwa mtoto aliyemaliza kidato cha nne, ulinganisho unabadilika, na hapa ndipo ninapotaka wazazi wakae zaidi.

Njia ya kwanza ni kidato cha tano na cha sita. Tangu mwaka wa masomo 2022/23, Serikali ilifuta ada kwa shule zake za ngazi hiyo. Miaka miwili hiyo haina ada, kisha shahada ya miaka mitatu. Miaka mitano, mitatu ndiyo ya kulipia. Njia ya pili ni cheti cha mwaka mmoja, stashahada ya miaka miwili, kisha shahada ya miaka mitatu. Miaka sita, yote ya kulipia. Ukiangalia hivyo tu, kidato cha tano kinashinda bila mjadala.

Lakini anayemaliza kidato cha sita bila kwenda chuo hana ujuzi wowote wa kuuza, ilhali mwenye stashahada ana karatasi ya kazi mkononi mwaka wa tatu. Kama fedha ya nyumbani inategemea korosho, na korosho ina mwaka wa neema na mwaka wa kiangazi, kituo cha kupumzikia katikati ya njia kina thamani kubwa. Anaweza kufanya kazi mwaka mmoja au miwili, kisha kujilipia shahada. Sharti ni moja na halina msamaha: programu nyingi za shahada humtaka mwenye stashahada awe na GPA, yaani wastani wa alama zake za chuo, ya 3.0 au zaidi. Stashahada yenye GPA ya 2.6 inaweza kumpatia kazi, lakini mlango wa shahada unabaki umefungwa hadi atafute njia nyingine. Anayeingia kwa alama za kidato cha sita hudaiwa ufaulu mkuu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4, yaani D mbili zinatosha kwa kozi nyingi. Linganisha ugumu huo na mtoto wako, siyo na mtoto wa jirani.

Afya ni habari nyingine kabisa. Stashahada ya uuguzi au ya utabibu ni miaka mitatu tangu kidato cha nne, na mikoa yetu ina vyuo vya afya: Mtwara, Masasi, Newala, Lindi, Nachingwea, na Ndanda kwa Wabenediktini. Aliyefaulu Biolojia, Kemia na Fizikia kidato cha nne asiidharau njia hii kwa sababu ya fahari ya kidato cha tano. Isitoshe, tangu 2023/24 HESLB imeanza kutoa mikopo kwa stashahada za vipaumbele, zikiwemo za afya, kilimo na ualimu wa sayansi. Vigezo vya uhitaji vipo hapo pia, ila mwombaji anasimama kwenye foleni tofauti na ile ya shahada.

Kilimo nacho kina sehemu yake hapa. Chuo cha kilimo cha MATI Mtwara kiko Naliendele, ambako pia ndiko iliko taasisi ya utafiti ya TARI inayojulikana nchi nzima kwa korosho. Kwa mtoto wa mkulima wa korosho sijui mahali pengine anapoweza kujifunzia zao la kwao karibu hivyo na watafiti wake. Anayependa bahari ana kampasi ya FETA Mikindani kwa mambo ya uvuvi. Na VETA za Mtwara na Lindi, kwa kozi ndefu, ada yake iliyozoeleka ni shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Hakuna shahada ya nchi hii inayokaribia bei hiyo, na fundi umeme mzuri hakai bure Mtwara.

Chuo Kikuu Huria

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina vituo Mtwara na Lindi. Ni cha umma na shahada yake inatambuliwa sawa na nyingine. Kwa mtu mwenye kazi ni chaguo la kwanza: analala kwake na mshahara unaendelea. Kwa kijana wa miaka 19 aliyetoka tu kidato cha sita, sikipendekezi isipokuwa ana nidhamu ya pekee, maana hakuna mhadhiri wa kumwona kila asubuhi, na wengi huchukua miaka mingi kuliko walivyopanga. Mwaka unaoongezeka ni gharama nayo.

Kuna pia kampasi ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaijenga Lindi kupitia HEET, mradi wa Serikali wa elimu ya juu. Ni habari njema kwa wadogo zao. Aliyemaliza mwaka huu achague kutokana na kozi zilizomo kwenye mwongozo wa udahili wa mwaka huu.

Utajuaje kwamba chuo ni cha kuaminika

Mwaka 2017, TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya.  Kwa hiyo usajili wa chuo ni hatua ya kwanza tu, na hatua ya pili ni ithibati ya kozi yenyewe, kwa sababu chuo halali kinaweza kutangaza kozi isiyo na ithibati. Mwongozo wa udahili wa TCU kwa shahada, na wa NACTVET kwa cheti na stashahada, hutolewa bure mtandaoni kila mwaka. Kama kozi haimo humo, iache, hata kama ofisa udahili anazungumza vizuri.

Baada ya hapo, nenda. Hii ndiyo faida ya chuo cha karibu ambayo watu hawaitumii. Panda gari Lindi asubuhi, uko Mtwara kabla ya saa sita mchana. Usiishie ofisini. Wakute wanafunzi wa mwaka wa pili nje ya darasa uwaulize: mwalimu huingia au mnasoma kwa vitini? Darasa lenu mlianza wangapi na sasa mko wangapi? Wangapi wamekula sapu, yaani kurudia mtihani, muhula uliopita, na wangapi wamedisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli? Chuo kisichofelisha mtu kabisa kinanitia shaka kama kile kinachofelisha nusu. Maktaba ina vitabu vya kozi hii au ni vya zamani vya kujaza rafu? Mafunzo kwa vitendo chuo kinamtafutia mwanafunzi nafasi, au kila mtu na bahati yake?

Fedha ilipwe benki au kwa simu kwa kumbukumbu namba ya malipo iliyotolewa na chuo, si kwa namba ya mtu anayejiita wakala. Kipindi cha udahili matapeli hufanya kazi kuliko wote.

Korosho na kalenda ya chuo

Minada ya korosho huanza Oktoba, na chuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Muhula wa kwanza unaonekana kubebeka kwa sababu fedha ya chama cha ushirika cha wakulima, AMCOS, inaingia wakati huohuo. Lakini malipo yanaweza kuchelewa. Msimu wa 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima wengi walisubiri fedha zao kwa miezi. Na muhula wa pili huja Machi au Aprili, fedha ya msimu imekwisha kwenye bati, harusi na madeni ya pembejeo. Vyuo vingi humzuia mwanafunzi mwenye deni kuingia kwenye mtihani, na mtihani wa muhula wa pili ndipo wengi wanapokwama.

Kabla ya kuchagua, iulize ofisi ya uhasibu ya kila chuo: ada inalipwa kwa awamu ngapi, na tarehe ya mwisho ya kila awamu ni lini? Chuo kinachokubali awamu nne kinaweza kuifaa familia ya korosho kuliko chuo chenye ada pungufu ya laki 2 kinachotaka nusu yote siku ya usajili. Mwenye mshahara anaweza kukata kidogo kila mwezi. Mwenye korosho aitenge ada ya muhula wa pili siku ileile fedha inapoingia, kwenye akaunti ya mtoto mwenyewe.

Ningechagua nini

Binti wa Shangani mwenye ufaulu wa wastani anayetaka uhasibu: TIA Mtwara, alale nyumbani, na sehemu ya ile milioni 3 iliyookolewa impeleke kwenye mitihani ya NBAA mara tu anapohitimu.

Kijana wa Masasi mwenye alama za juu za PCM au PCB: aende chuo kikuu cha umma, popote kilipo, na aangalie Samia Scholarship, ambayo tangu 2022/23 hugharimia wanaofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi. Hiyo hutazama ufaulu, haimuulizi mama ana duka au hana. Pointi mbili tatu kwenye mtihani wa kidato cha sita zinaweza kuwa na thamani ya ada yote.

Mtoto wa Nachingwea mwenye kidato cha nne kizuri cha Biolojia na Kemia, ambaye wazazi wake hawana uhakika wa miaka mitano: chuo cha afya cha karibu, stashahada, na alinde GPA yake kuanzia muhula wa kwanza ili shahada ibaki wazi.

Na yule wa sanaa wa Lindi mjini, mwenye D mbili na hamu ya kwenda Dar tu kwa sababu rafiki zake wameenda, huyo ndiye ninayemwombea wazazi wake wakae naye chini na jedwali hili, waandike namba zao wenyewe, wamwonyeshe zitakakotoka fedha za Aprili. Akiona hesabu, mpeni naye nafasi ya kusema. Wengine wana sababu nzuri ambayo hawajaulizwa.

Dirisha la kwanza la udahili likifungwa hufuata la pili, ila kozi zenye ushindani hujaa mapema. Vyeti viwe tayari, majina kwenye cheti cha kuzaliwa yalingane na ya cheti cha shule, na aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja athibitishe kimoja kabla ya tarehe ya mwisho, kwa namba maalumu anayotumiwa kwenye simu.